Kopo Linaloning'inia Kichwa Chini: Miezi Minne Kwenye Genge Moja la Gungu

Mke wangu aliondoka hapa kwetu Gungu, Kigoma, Jumatatu ya mwisho ya Mei 2024 kwenda Kasulu kumuuguza mama yake. Aliniachia watoto watatu, jiko la mkaa lenye ufa, na agizo moja tu alilolitoa akiwa ameshaweka mguu kwenye gari: "Mboga chukua kwa shemeji yako pale kona. Usiende kuzurura sokoni." Nikaitikia vizuri kabisa. Kesho yake nikaenda kuzurura sokoni.

Mimi ni fundi cherehani. Kipato changu hakina tarehe. Wiki ya kufungua shule naweza kushika elfu ishirini kwa siku, halafu inakuja wiki ya kubadilisha zipu na kupunguza suruali, nafunga fremu nikiwa na elfu nne mfukoni na mwenye fremu ananitazama. Kwa hiyo hela ya kula nikaipangia elfu sita kwa siku, ikizidi tunashukuru, ikipungua tunakaza. Walaji watano: mimi, binti yangu wa darasa la sita, mdogo wake wa darasa la tatu, kitinda mimba wa miaka minne, na kijana ninayemfundisha kazi, ambaye mchana anakula kwangu. Na humo kwenye elfu sita mna mkaa. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeshasikia watu wengi wakijisifu wamepika kwa elfu mbili, ukiuliza mkaa wanakwambia ulikuwepo. Mkaa haujiweki wenyewe jikoni.

Huko sokoni nilinunua dagaa wakavu makopo mawili, elfu tatu mia tano kila kopo. Bei ilikuwa juu, lakini sikushangaa. Ziwa lilikuwa limefungwa. Kwa asiyefahamu, mwaka huo Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na dagaa wote waliokuwa madukani walikuwa wale walioanikwa kabla. Kilichonishangaza ni nilipofika nyumbani. Mama watoto ana kikombe chake cha plastiki cha kijani, na siku zote nimemsikia akisema kopo moja linatoa vikombe vinne. Nikapima, nikapata vitatu na cha nne hakijafika katikati. Kopo la pili, vivyo hivyo. Siku iliyofuata nilipita tena pale nikijifanya naulizia vitunguu, nikainama kufunga kamba ya kiatu, nikalitazama lile kopo kwa chini. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kuingia ndani kama kofia iliyokaliwa na mtu mzito.

Sasa, mtu akiniletea kitambaa mita tatu nami nikampimia kwa futi iliyokatwa ncha, huyo si mteja tena, huyo nimemwibia. Nilikasirika kwa namna ambayo pengine haikulingana na kikombe kimoja cha dagaa. Jioni nikaenda kwa shemeji.

Genge lenyewe ukilipita unaweza usilione. Liko Gungu, kona ya njia ya vumbi, limeegemea ukuta wa nyumba ya watu. Meza mbili za mbao, turubai la bluu juu, ndoo tatu za unga zenye vifuniko, mizani hakuna. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga pale taa yake inapoanza kufifia, saa mbili au mbili na nusu. Kitu cha kwanza nilichokiona, kwa kuwa nilikwenda nikiwa na kisirani cha vipimo, ni kopo lake. Linaning'inia kwenye msumari kichwa chini, kitako kinawatazama wateja. Bapa, kimenyooka kama mezani. Nikatoa tepu yangu shingoni nikalipima kina kwa nje, nikaingiza tepu ndani nikapima tena. Inalingana, ukitoa unene wa bati.

Alinitazama mpaka nimalize. "Shemeji, unataka kulishonea suruali?"

Hapo ndipo tulipoanza, na nikanunua pale karibu kila siku hadi mwisho wa Septemba. Kwa hiyo ninayoyasema si ya mtu aliyepita mara moja.

Kwanza bei. Genge hili si la bei ya chini kupita yote. Nyanya mwaka huo wa 2024 zilikuwa bei ile ile ya mtaa, fungu mia tano. Vitunguu vilizidi kidogo. Sukari usinunue pale kabisa, dukani nilikuwa naokoa mia mbili kwa kilo. Unafuu wake ni wa aina nyingine, nami ilinichukua wiki mbili kuuelewa: shemeji anakwambia usinunue. Nilifika siku moja ya Juni nikiwa na elfu tatu na mia tano nikitaka kopo la dagaa, maana watoto wa Kigoma ukiwakalisha siku tano bila dagaa wanaanza kukutazama kama baba wa kambo. Akanijibu bila kushika kopo: "Hela hiyo inakulisha siku mbili, wewe unataka kuimaliza usiku mmoja. Chukua maharage." Akanipimia nusu kilo ya maharage ya njano kwa elfu moja na mia nne, nikabaki na chenji mkononi nisijue nimsukume au nimshukuru.

Maharage yana siri yake, na si ladha. Ni mkaa. Mara ya kwanza niliyatia jikoni makavu kama yalivyo, saa kumi jioni, na saa mbili usiku bado yanagonga sufuria kama kokoto. Nilichoma mkaa wa elfu moja kuivisha maharage ya elfu moja na mia nne. Kesho yake nikamsimulia shemeji, akacheka hadi akakaa. Tangu hapo nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji, na nikishamaliza kupika uji nayabandika kwenye makaa yaleyale yaliyobaki, nafunika, nakwenda kazini. Binti akirudi shule anayamalizia kwa vipande vitatu vya mkaa. Nusu kilo inatutosha jioni mbili, ya pili tukiiunga na karanga.

Dagaa nao hawakutoweka kabisa. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni chenga, yaani zile zilizovunjikavunjika chini ya gunia, vichwa huku mikia kule, ambazo watu wengi wanazikimbia kwa sura. Alikuwa anazichekecha kwenye ungo kuondoa vumbi, anauza kopo elfu moja na mia tano. Ukizikaanga kavu kwenye sufuria hadi zianze kunukia, kisha ukazitwanga kidogo na kuziweka ndani ya mchicha au kwenye mchuzi wa nyanya, hakuna mtoto atakayekuuliza dagaa mzima yuko wapi. Utamu wote uko mle mle, na mifupa pia, ambayo ndiyo yenye kalsiamu.

Njia ya pili ilikuwa aibu ya kihistoria. Katikati ya Juni alileta dagaa wa Mwanza, wa Ziwa Victoria. Kwenye genge la Gungu! Aliwaweka kwenye beseni pembeni, nusu wamefunikwa na gunia, kama mtu anayeuza kitu cha magendo. Mzee mmoja jirani alifika, akafunua gunia, akafunika, akasema "Mwidiwe", salamu ya Kiha, akaondoka bila kununua chochote. Mimi nilinunua kikombe kimoja, kwa sababu hela haina kabila. Ni wadogo zaidi, wana uchungu kidogo wa tumboni, na ukiwapika kama wetu utajuta. Shemeji alinielekeza: walowekwe kwenye maji ya moto dakika kumi, maji yamwagwe, kisha ndimu nyingi na tangawizi. Wakalika. Mwanangu wa kiume aliuliza kama ni wa kuku. Nikamwambia kula.

Lakini kama ningeulizwa ni kitu gani hasa cha kufuata pale, nisingesema dagaa. Ningesema kisamvu. Anakitwanga mwenyewe kila siku ya Jumanne na Ijumaa, kwenye kinu cha mti kilichopo nyuma ya ukuta, pamoja na vitunguu saumu na pilipili hoho moja moja, mpaka kinakuwa laini kama unga uliolowa. Bakuli la mboga lilikuwa mia tano. Beba bakuli lako, mifuko ya plastiki hakuna na hatakuwekea kwenye karatasi. Sasa upikaji wake una mambo mawili, na yote mawili nilijifunza kwa kukosea. La kwanza, kisamvu kinataka kuchemka muda wa kutosha, bila kifuniko, maana majani ya muhogo yana sumu inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa. Haraka haifai hapa. La pili, mawese. Mimi nilikuwa nayatia sufuriani kwanza, nayachoma hadi yatoe moshi na yageuke rangi ya chai, ndipo naunga. Shemeji aliona sufuria yangu siku moja kijana wangu alipoileta kuomba chumvi. Akasema, "Shemeji, umeununua wekundu, ukauchoma, ukala kilichobaki." Wekundu wa mawese ndio wenye ile asili ya vitamini A, na moto mkali unaumaliza. Siku hizi kisamvu kikishakauka maji, natia karanga zilizotwangwa, zikishaiva ndipo namimina mawese, moto mdogo, dakika chache, naepua. Kinatoka kijani chenye michirizi ya machungwa kandokando. Binti yangu, ambaye ni mkali kuliko mkaguzi wa afya, alikula akanyamaza. Kwake huko ni kupiga makofi.

Hapo kwenye mawese kuna mtego nao lazima niuseme. Shemeji alikuwa anauza mawese ya kupima, kijiko chake kirefu kimoja mia tatu, na chupa ya nusu lita elfu moja na mia nane. Mimi kwa wiki tatu nilikuwa nachukua kipimo kimoja kimoja, nikijiona nabana matumizi. Siku moja jioni hapakuwa na wateja, nikachukua chupa tupu nikahesabu: vipimo vinane ndiyo nusu lita. Elfu mbili na mia nne. Kwa kila nusu lita nilikuwa naacha mezani pale mafungu mawili ya mchicha. Nilipomuuliza hakukataa wala kuona haya. Alisema anayenunua kipimo ananunua na usumbufu wa kipimo, na kwamba mke wangu hajawahi kununua mafuta ya kipimo maisha yake yote. Basi. Ukipata siku ya elfu kumi na tano, kabla hujafanya lolote, nunua chupa. Hii kasoro ya vipimo vidogo iko kwa kila genge, wala si lake peke yake, ila mwenye hela kidogo ndiye anayeilipa kila siku.

Nitoe hesabu ya siku moja niliyoiandika nyuma ya kitabu cha vipimo vya wateja, Jumatano ya Julai. Asubuhi uji wa dona, unga mia sita, sukari iliyotumika kama mia nne. Mchana ugali wa muhogo, unga kilo moja elfu moja na mia nne, kisamvu kilichobaki cha jana nikakiongezea bakuli jipya la mia tano (alikuwa ametwanga na Jumatano siku hiyo, kwa ajili ya msiba wa jirani), karanga mia tano, mawese tuseme mia tatu. Jioni viazi vitamu fungu la elfu moja, na maharage ya jana yake, hesabu yake mia saba. Mkaa mia tano. Jumla elfu tano na mia tisa. Ile mia iliyobaki kitinda mimba aliidai ya pipi, nikamnunulia ndimu, akalia hadi kwa shemeji, shemeji akampa kipande cha muwa. Watu watano, milo mitatu, na hakuna aliyelala akisikia tumbo. Nyama haipo humo, kweli. Nyama tulikula mara nne kwa miezi minne, na mara moja kati ya hizo ilikuwa harusi.

Nimtaje na mabaya yake, nisije nikaonekana nimelipwa.

Nyanya zake anazipanga fungu la piramidi, tatu chini moja juu, na ile moja ya juu inang'aa kama balbu. Za chini usiulize. Hakuruhusu kuchagua, anasema ukichagua wewe wa nyuma atakula nini. Nimeshatupa nyanya kama kumi kwa miezi minne, na kwa mtu wa elfu sita nyanya kumi ni kitu. Dawa niliyoipata ni kwenda asubuhi kabla hajapanga, akiwa bado anazitoa kwenye tenga.

Unga wa muhogo wa mwanzo wa Julai ulikuwa na mchanga. Si mwingi, ila ule wa kusikika kwenye meno, na ugali wa hivyo huwezi kuutafuna, unaumeza tu na mawazo. Nilirudisha nusu iliyobaki. Akakiri kwamba muhogo ulianikwa kando ya barabara huko ulikotoka, akanibadilishia kilo nzima bila maneno. Nampa alama kwa hilo. Bado ningependa awe anaonja kabla ya kuuza, maana si kila mteja ana mdomo wa kurudisha.

Chenji hana. Ukienda na noti ya elfu kumi kabla ya saa tatu asubuhi utasimama hadi unyauke.

Na daftari. Anakopesha, ndiyo, na kwa mtu wa kazi yangu bila daftari lile kuna siku tungelala na chai. Lakini anadai kwa sauti. Siku moja nilikuwa nampima mteja wa suti, mtu wa maana, mkono umenyooka hivi, shemeji akapita njiani na beseni kichwani: "Shemeji! Ya Jumatatu, elfu moja na mia nane!" Mteja akanitazama. Mimi nikatazama tepu. Nikasema kiuno thelathini na nne wakati nilikuwa napima mkono. Tangu siku hiyo nalipa kabla jua halijazama, na nadhani ndivyo alivyokusudia.

Baadaye tulipata njia ya amani: turubai lake lilikuwa limepasuka mahali pawili, nikalishona kwa uzi wa nailoni na kulitia viraka vya jinzi. Tulikadiria kazi elfu tatu, nikaila kwa mboga za majani wiki nzima. Ukipita pale leo utauona mfuko wa nyuma wa suruali ya jinzi uko juu ya vitunguu.

Sasa Agosti. Tarehe 15 ilikuwa Alhamisi, na mji mzima ulikuwa na furaha ya sikukuu. Kijana wangu alitaka tuamke usiku twende mwaloni Kibirizi tukawahi dagaa wabichi. Nikapitia kwa shemeji kununua ndimu za kwenda nazo. Akanyoosha kidole juu. Mwezi ulikuwa mnene, umebakiza siku nne tu kujaa. "Mnakwenda kununua nini, mbalamwezi?" Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, taa ndiyo inayowaita juu. Mwezi ukiwaka, taa haiwaiti mtu, samaki wanatawanyika, na wavuvi wengi wanakaa kutengeneza nyavu. Akasema tungoje giza. Yaani mwenye genge aliyekaa miezi mitatu bila dagaa wa maana, siku ziwa linafunguliwa anamwambia mteja angoje wiki mbili.

Kijana wangu hakungoja, alikwenda na hela yake. Bodaboda elfu moja na mia tano kwenda, hivyo hivyo kurudi, akarudi na dagaa wabichi wa elfu tatu wasiojaza bakuli la supu. Tukawakaanga, tukala wote, tukamsifu sana ili asilie.

Giza lilipoingia, siku za mwanzo za Septemba, ndipo nami nikashuka Kibirizi alfajiri, mara moja tu, kwa sababu nilikuwa nimelipwa sare za kwaya. Huko ni kuzuri kwa macho. Mitumbwi inaingia taa zikiwa bado zimening'inia, akina mama na mabeseni yao wako majini hadi magotini, bei inatajwa mara moja tu na ukisitasita imeshakwenda kwa mwingine. Nilichukua migebuka sita na ndoo ndogo ya dagaa. Migebuka tuliwabanika, wawili tukala, wanne nikawatia chumvi. Ilinilipa kwa sababu nilinunua ya wiki. Ukienda kununua ya siku moja, bodaboda ndiye anayekula samaki.

Na bei ya dagaa wakavu kwa shemeji ilishuka kama ngazi. Wiki ya kwanza ya Septemba kopo la dagaa wa chanja, yaani walioanikwa juu ya vichanja, lilikuwa elfu mbili na mia tatu, la dagaa wa mchangani, walioanikwa chini kwenye mchanga, elfu moja na mia nane. Alikuwa na wote, akiwatenga, na anakwambia yupi ni yupi kabla hujauliza. Nikafanya jaribio langu. Nikamwaga kopo la mchangani kwenye bakuli jeupe la bati, nikamimina maji, nikawazungusha kwa vidole taratibu, nikawatoa kwa chujio, nikaacha maji yatulie. Chini pakabaki duara la kijivu, kama mashapo ya kahawa ya Kalinzi. Nikarudia. Duara dogo zaidi. Mara ya tatu maji yakawa safi. Mchanga wote nilioukusanya ulijaa kijiko cha chakula. Kwa hiyo mia tano ile ni bei ya kijiko cha mchanga na maji ya kuosha mara tatu. Kwangu maji ya ndoo nanunua, mara nyingi nachukua wa chanja. Mwenye bomba uani achukue wa mchangani na asimwambie mtu.

Ningempendekezea nani genge hili? Anayenunua kila siku kwa hela ya siku hiyo, na anayeweza kuvumilia kushauriwa. Mtu wa gunia na debe aende soko la Mwanga, atapata nafuu kubwa kuliko hapa. Mtu asiyependa deni lake lijulikane na mtaa mzima aende kokote kule kwingine.

Mama watoto alirudi Jumamosi ya mwisho ya Septemba na debe la maharage ya Kasulu kichwani kwa mpagazi na mama yake akiwa hajambo. Kabla hajavua kanga ya safari akafungua kabati, akakuta chupa ya mawese, chenga za dagaa kwenye kopo lenye kifuniko, mgebuka mmoja mkavu kwenye kamba, na ile hesabu yangu ya Jumatano. Akaisoma yote, mdomo umefumba. Kisha akachukua bakuli, akaenda kona.

Alikaa saa nzima. Kicheko chao nilikisikia kutoka kwenye cherehani. Aliporudi, kwenye bakuli palikuwa na kisamvu, juu yake nyanya nne ngumu alizozichagua mwenyewe kwa mkono wake, vitunguu viwili, mashina mawili ya giligilani, na pilipili mbuzi tano za nyongeza.

"Shilingi ngapi?" nikamuuliza.

"Mia tano ya kisamvu."

"Na hivyo vingine?"

"Kaniongezea."

Miezi minne, sijawahi kuongezewa hata jani.